Mama Asiyejua Kulia

Mama yake Lidwina aliingia.

Ndiyo, aliingia. Wiki nzima mmenisumbua kwa barua, na yule msomaji wa Mbinga amenijazia kurasa nne akinishauri nimkwamishe mama huyu njiani, gari lipasuke tairi, mto ufurike. Mimi simkwamishi mtu. Mama Emiliani aliteremka kwenye gari la Peramiho saa nane mchana, Jumapili, akauliza njia, akaelekezwa Bombambili kwenye banda la video la Mzee Romwaldi. Akainama pale mlangoni, akaingia. Nyuma yake wakaingia wanawake watatu wa jumuiya yake, wote na vitenge vya sare.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

Watu themanini waliokuja kutazama watu wakichinjwa wakaitikia kwa mazoea, "Milele amina." Halafu wakacheka.

Lidwina hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya televisheni, amevaa gauni lake jekundu la kwenye picha, na hapo hapo akarudi nyuma hadi ukutani.

Kwa wewe uliyefungia maandazi gazeti la wiki iliyopita, nakueleza mara moja tu, usiniulize tena.

Lidwina ni binti anayeshona cherehani, anakaa Lizaboni. Dastan ni yule kijana anayepiga video za harusi na misiba. Mwaka huu Dastan aliamua kutengeneza picha yake mwenyewe, picha ya muuaji, akaiita Mchinjaji wa Matogoro. Mikanda mitupu ikakosekana mjini, malori yamekwama kwenye tope huko njiani. Ndipo Lidwina, aliyeahidiwa nafasi kwenye picha hiyo, alipokwenda nyumbani Peramiho, akafungua sanduku la bati la mama yake, akachukua mkanda wa mazishi ya kaka yake Yohanes, aliyeanguka kutoka kwenye lori la tumbaku miaka miwili iliyopita.

Mama yao aliuza mbuzi ili msiba ule urekodiwe, kwa ajili ya mwanawe mkubwa, Emiliani, aliyeko Tanga kwenye mkonge, ambaye hakuwahi kumzika mdogo wake. Mkanda wenyewe mama hajawahi kuutazama. Hana televisheni, na tena alisema hatautazama mpaka Emiliani arudi, wautazame pamoja. Lidwina aliutoa kwenye kitambaa chake, akaweka humo mkanda mwingine mbovu, akafunga vile vile.

Dastan aliapa kwamba atatumia pale mwishoni tu, pasipo na kitu. Mwongo. Alianzia mwanzo. Kamera yake ni ile kubwa ya begani, na yeye anapiga picha kwa mpangilio, likiisha hili linafuata hili, humo humo ndani ya mkanda. Alipofika penye kaburi akasimama. "Hapa pazuri," akasema. "Waombolezaji mia mbili, na hatuwapi hata chai." Akaparuka hapo, akaendelea mbele.

Uwongo huo Lidwina aliujua siku ya pili ya kazi. Akanyamaza, kwa sababu siku ya pili hiyo hiyo ndiyo aliyoambiwa kwamba stelingi, yule mkubwa wa picha, ni yeye.

Sasa unaelewa alirudi ukutani kwa nini. Picha ikifika penye kaburi, mama atajiona. Na akijiona, atajua.

"Mama," Lidwina alimfuata mbio, "shikamoo mama. Hapa hapakufai. Hii ni picha ya kuuana."

"Marahaba. Na ya Mateso si ya kuuana? Mbona padre anatuonyesha kila Kwaresima na tunakaa." Akakaa benchi la mbele kabisa, akapakata kikapu chake. "Esteria ameniletea habari kwamba mwanangu ndiye mkubwa kwenye picha. Nikae nyumbani nitazame kuku?"

Esteria ni mwanamke wa huko huko Peramiho anayeuza maandazi pale mlangoni. Alimpungia Lidwina mkono kwa furaha. Mdomo wake haujawahi kumletea mtu heri.

"Jua kali mama. Twende kwangu upumzike, nikupikie."

"Nitapumzika nikishakuona."

Lidwina akaenda kwa Dastan, aliyekuwa akipangusa deki ya mikanda kwa shati lake.

"Dastan, mama yupo."

"Nimemwona. Mwambie asogee pembeni, anaziba watu."

"Atauona msiba."

"Ni dakika nne. Mwambie afumbe macho."

Ndivyo alivyojibu. Mimi siongezi chumvi.

Lakini Dastan naye alikuwa na lake. Kwenye kiti pekee chenye mgongo alikaa Mwanaisha, mfanyabiashara wa mikanda kutoka Kariakoo, mwanamke wa bangili nyingi na maneno machache. Tangu ruksa ya biashara ianze, akina Mwanaisha wanafika kila mji wakinunua kinachonunulika. Kesho asubuhi anaondoka na basi. Alikwisha kumwambia Dastan msimamo wake. "Mimi sinunui picha, nanunua midomo ya watu. Wakiisifu naichukua. Wakiiponda, baki nayo ufungie mlango."

Mzee Romwaldi akapiga kamba jenereta, jenereta likakohoa, picha ikaanza.

Nisiwachoshe na picha. Mtu mnene amevaa gunia kichwani na matundu mawili ya macho. Ana panga. Anamkimbiza Lidwina kwenye shamba la mahindi kwa muda ambao mtu angeweza kutembea kutoka Bombambili hadi sokoni na kurudi. Anamfikia. Anamkata shingo. Lidwina anaanguka, damu inatapakaa, na hapo hapo Romwaldi akazima.

Usishangae. Deki ya Romwaldi inachemka. Kila baada ya dakika arobaini lazima ipumzishwe, inafunuliwa mfuniko, inapepewa kwa kipande cha boksi. Na Romwaldi hapendi watu wakae kimya wakaanza kudai viingilio vyao. Kwa hiyo hapo ndipo maoni yanapotolewa.

"Haya, semeni," akasema huku anapepea. "Deki inapoa."

Wa kwanza alikuwa Tabu, fundi baiskeli wa Lizaboni, ambaye hakuna picha aliyowahi kuisifu.

"Mimi nauliza kitu kimoja. Stelingi gani anakufa katikati? Nimekuja nimfuate stelingi mpaka mwisho. Sasa nimfuate nani, huyu wa gunia?"

"Huyo wa gunia mwenyewe ana pumu," mwingine akadakia. "Anahema humo ndani mpaka tunamwonea huruma."

"Na panga la mbao. Limempiga shingoni likalia ko."

"Ile si damu, ni juisi ya rozela," Esteria akasema kutoka mlangoni. "Nzi wanamfuata mpaka mdomoni, na maiti inawatema."

Banda likavunjika kwa kicheko. Mtu aliyekuwa na kopo lake la pombe ya komoni akapaliwa, akapigwa mgongoni.

Mzee mmoja wa Namtumbo akasimama na kofia yake mkononi. "Mimi nataka kujua mahindi yale ya nani. Wamekanyaga robo eka nzima, na yalikuwa yanabeba. Binti alipokufa sikusikia kitu. Mahindi ndiyo yaliyoniuma."

"Binti mwenyewe anakimbia huku anashusha gauni," akasema Tabu. "Mtu anakuja na panga, wewe unaogopa mapaja yataonekana. Na nyumba ya mjumbe ile pale, tunaiona wote. Si angeingia?"

"Anapiga kelele kama anayeita kuku."

"Bora hata alivyokufa."

Dastan alitabasamu kila neno, jasho linamchuruzika masikioni. Mwanaisha hakuandika kitu. Alikuwa anazungusha bangili zake moja moja, akasema, "Endeleeni."

Ndipo Mama Emiliani aliposimama.

Lidwina akafumba macho.

"Wanangu," mama akasema, "mimi picha sizijui. Lakini yule msichana ni wangu, nimemzaa mimi. Na nimeogopa. Nimesahau kama niko humu, nilitaka kuinuka nimkamate yule mtu wa gunia. Kama nimeogopa mimi ninayejua kwamba mwanangu yuko hai amesimama pale, basi amefanya vizuri. Msimcheke. Kazi ya mtu haichekwi."

Akakaa. Mtu mmoja akapiga makofi, wakafuata wengine. Hata Tabu akapiga, kwa uvivu.

"Huyo mama," Mwanaisha akasema, "ndiye wa kwanza kuniambia neno la maana tangu nikae hapa. Picha inayomwogopesha mama wa mtu inauzika."

Dastan akavuta pumzi hadi tumboni. Ilikuwa imebaki nusu ya pili tu. Na nusu ya pili inaanzia kaburini.

Yale makofi yalimchoma Lidwina kuliko maneno yote ya Tabu. Alichomoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka hadi penye jenereta, akashika waya. Akiuchomoa, mambo yamekwisha. Mama atakunywa chai, atarudi Peramiho na sifa za mwanawe, na mkanda mbovu utabaki sandukuni salama.

Mkono ukamkamata kifundo cha mkono. Ni Dastan.

"Niachie."

"Zima," Dastan akasema kwa sauti ndogo. "Zima kabisa. Halafu mimi naingia ndani, namweleza mama yako kwa nini umezima."

"Huwezi."

"Miezi minne nimekula mihogo mikavu kwa ajili ya mkanda huu. Naweza kumweleza mama yako na padre wake."

Mimi ningechomoa. Na wewe unajidai ungechomoa. Lidwina aliuachia ule waya, akafuta mkono kwenye gauni, akarudi ndani. Alijipa moyo kwamba mama macho yake si mazuri, kwamba miaka miwili imepita, kwamba dakika nne si nyingi. Mtu mwenye hatia hakosi cha kujidanganyia.

Deki ikafunikwa. Mkanda ukaanza kuzunguka.

Rangi ya picha ilibadilika, ikawa ya ubuluu, maana ile ilikuwa siku ya mvua. Watu wengi wamesimama, udongo mwekundu umerundikwa. Kwaya inaimba lakini sauti inakwenda na upepo. Na katikati, chini kabisa, ameketi mwanamke mmoja, kanga imekazwa tumboni kwa kamba, miguu ameinyoosha mbele.

Mwanamke yule mdomo wake ulikuwa wazi. Hautoi kitu.

Alikuwa amelia siku mbili usiku na mchana, sauti ikakauka, machozi yakakauka. Siku ya kuzika kilichobaki kilikuwa ni ule mdomo. Lakini picha haisemi hayo. Picha inaonyesha mdomo tu.

Kicheko kilianzia nyuma.

"Huyu mama wamemwokota wapi?"

"Hajui kulia. Mdomo wazi, sauti hamna."

"Machozi je? Wangemsugulia kitunguu."

"Amefiwa na mtoto au anangoja kung'olewa jino?"

Safari hii hawakungoja deki ipoe. Maoni yalimwagika yenyewe, kila mmoja anataka lake lisikike, na kila lililosikika lilizaa jingine.

Kwenye picha yule mwanamke akainama, akachota udongo wa kaburi, akautia mdomoni.

"Anakula udongo," Tabu akapiga kelele, ameshika bega la jirani yake asidondoke. "Jamani, ana mimba huyo. Huko kaburini wanazika, yeye anatafuta udongo wa pemba."

Watu walilia kwa kucheka. Wengine waligonga benchi kwa viganja. Mzee wa Namtumbo alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mwanaisha akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya mtu anayekataa nyama sokoni, "Hapana. Huyu ameniharibia."

Esteria pale mlangoni hakucheka. Yeye alikuwapo kwenye mazishi yale. Alikuwa ameweka sinia lake chini na kuziba mdomo kwa mikono yote miwili. Wale wanawake watatu wa jumuiya waliinamisha vichwa.

Mama Emiliani hakuinamisha. Alitazama. Alitazama mpaka kicheko kikafika juu kabisa, ndipo akasema, si kwa ukali, "Mzee Romwaldi, naomba urudishe nyuma."

"Nini mama?"

"Rudisha nyuma kidogo. Kabla ya kaburi walimfunua uso pale nyumbani, watu wakamuaga. Yule wa kamera aliinama kabisa, namkumbuka. Mimi siku ile sikuweza kutazama, nilianguka, wakanishika. Nataka nimwone sasa."

"Mrudishie bibi," Tabu akasema, bado anapangusa macho. "Anataka kuona maiti vizuri."

Hakujua. Hilo namsamehe. Mengine simsamehe.

Romwaldi akarudisha, akabonyeza. Kwenye kioo akatokea Lidwina, amelala kwenye mahindi, ana rozela shingoni na nzi mdomoni.

"Siyo huyu," mama akasema. "Nyuma zaidi."

Romwaldi akarudisha. Lidwina akakimbia kinyumenyume kwenye mahindi, gauni linashuka na kupanda, na yule wa gunia naye kinyumenyume. Watu waliipenda sana hiyo. Mtu akasema hiyo ndiyo picha nzuri kuliko yote.

"Bado. Nyuma zaidi baba."

Yule mnene akavua gunia, akavaa, akavua.

"Zaidi."

Romwaldi akarudisha mpaka deki ikagonga na kusimama. Akabonyeza. Kipande cha boksi kikatokea, kimeandikwa kwa mkaa, Mchinjaji wa Matogoro.

"Mkanda umeishia hapa mama. Ndio mwanzo wake huu."

Kicheko sasa kilikuwa kinakufa benchi moja moja, kutoka mbele kwenda nyuma. Waliokuwa karibu walimtazama yule mama aliyekaa mbele yao, kanga yake, mdomo wake, wakaacha kucheka wakiwa meno nje. Tabu ndiye aliyechelewa kuliko wote. Alicheka peke yake kidogo, akaangalia huku na huku, akafunga mdomo.

Mama Emiliani akasimama, akageuka.

"Dastan."

"Naam mama."

"Wewe ndiye uliyekuja na kamera. Nilikupa chai na kiazi kitamu, ukakaa kwenye kigoda cha Yohanes. Mwanangu yuko wapi?"

Dastan akamtazama Mwanaisha kwanza. Angalia mtu huyo. Anaulizwa kuhusu maiti, anamtazama mteja.

"Mama, mikanda haikuwepo. Tulirekodi juu yake."

"Juu yake."

"Yaani ile ya mwanzo imefutika. Imebaki hii ya kaburini tu."

"Mkanda wangu uko sandukuni," mama akasema polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Uko kwenye kitambaa cheupe. Jumamosi nikifagia naufungua sanduku, naugusa."

"Huo ni mkanda mwingine mama."

"Aliuweka nani?"

Wapo wanaume ambao wangesema ni mimi. Dastan aliinua kidole.

"Aliuleta mwenyewe. Mimi kwako sikuingia."

Kidole kilimwelekea Lidwina, na macho ya watu themanini yakakifuata. Lidwina akapiga magoti chini kwenye vumbi na maganda ya karanga.

"Mama nisamehe. Aliniambia atatumia pale pasipo na kitu. Aliniapia."

"Ulijua lini kwamba amekudanganya?"

Lidwina akachorachora vumbi kwa kidole.

"Nakuuliza, ulijua lini?"

"Siku ya pili."

"Na picha mmeipiga siku ngapi?"

"Kumi na moja."

Mama Emiliani akahesabu kwa vidole, bila haraka. "Basi siku tisa ulikuwa unakimbia kwenye mahindi ya watu, na unajua kwamba kila hatua unamfuta kaka yako. Ungeweza kusimama siku yoyote kati ya hizo. Siku ya tatu ungesimama, pengine uso wake ungekuwapo."

"Nilitaka unione, mama. Nilitaka watu wanione."

"Wamekuona."

Sasa sikiliza watazamaji, maana watu hawa hawaishiwi maoni. Wale wale waliokuwa wakigonga mabenchi walianza kunong'ona, kisha kusema waziwazi.

"Mwizi wa maiti huyo."

"Mtoto wa hivyo ni wa kulaaniwa."

"Mimi tangu mwanzo sikumpenda, alivyokuwa anakimbia," Tabu akasema. Mtu aliyemtania mama wa marehemu kwamba ana mimba, ndiye huyo anayehukumu. Kama kuna mnaomjua huyu Tabu, msimpelekee baiskeli.

Mwanaisha akasimama, bangili zikalia.

"Poleni na msiba," akasema. "Mimi nina basi asubuhi, kwa hiyo niseme la kwangu. Picha naichukua. Ile sehemu ya kwanza watu wamecheka sana, na kicheko kinauzika kama woga, pengine kuzidi. Lakini kilio kile siwezi kuondoka nacho. Nyinyi sasa mnajua kwamba kilikuwa cha kweli. Mtu wa Dar hatajua. Ataona mama amepanua mdomo, basi. Kirekodiwe upya, hapo hapo juu yake, kesho saa tatu, kabla basi langu halijaondoka."

"Juu yake tena," Romwaldi akasema.

"Ni dakika nne. Mkanda mwingine mnao? Hamna." Akamgeukia mama. "Na wewe mama, nimekupenda. Kama unaweza, lia wewe mwenyewe. Ila safari hii toa sauti. Watu wanataka kilio cha kweli."

Esteria alisema baadaye kwamba alikuwa anangoja kofi, na angefurahi. Lidwina aliinua uso, naye alingoja kofi hilo.

"Nitalia," Mama Emiliani akasema.

"Mama, acha hayo," Romwaldi akamsihi. "Nenda nyumbani. Mimi huu mkanda siuonyeshi tena."

"Nimesema nitalia. Dastan, kwenye hiyo picha yenu pale kaburini mimi namlilia nani?"

Dastan akaangalia deki. "Stelingi. Yaani, Lidwina."

"Mmenifanya nimemlilia huyu, na watu wote humu wameniona. Basi kesho nataka awepo humo ndani. Sitalilia jeneza tupu. Romwaldi, una kamba?"

Romwaldi, bila kuelewa, akampa kipande cha kamba ya katani aliyokuwa anafungia maboksi.

"Lala pale kwenye benchi," mama akamwambia Lidwina.

Mnajua huku kwetu jeneza linavyopimwa. Kamba inanyooshwa kutoka utosini hadi kisiginoni, inapigwa fundo, na kamba hiyo ndiyo anayopelekewa fundi. Aliye hai hapimwi. Hata watoto wakicheza mchezo huo wanachapwa.

Mmoja wa wale wanawake wa jumuiya, Mektilda, akamshika mkono. "Mama Emiliani, usifanye hivyo. Utamwitia kifo."

Mama Emiliani akautoa ule mkono kwa upole, akauweka pembeni.

Lidwina alilala. Alinyoosha miguu mwenyewe, akashusha gauni lake jekundu likafunika magoti. Mama yake akaweka ncha ya kamba utosini, akaipitisha juu ya paji la uso, kifuani, tumboni, akaivuta mpaka kwenye kisigino. Akapiga fundo.

"Utalala humo kesho?"

"Nitalala mama," Lidwina akasema, na machozi yakamtiririka kuelekea masikioni, kwa sababu alidhani huo ndio msamaha. "Hata kutwa nzima nitalala."

"Haya."

Akamkabidhi Dastan ile kamba. "Mpelekee fundi usiku huu huu. Mbao za kawaida. Na mfuniko, na misumari ya inchi nne."

"Misumari ya nini mama?" Mwanaisha akauliza, akicheka kidogo. "Si tunaigiza?"

"Wewe si umeomba kilio cha kweli?"

Akachukua kikapu chake, akainama pale mlangoni, akatoka. Wanawake wa jumuiya wakamfuata, na Esteria akawapisha. Lidwina alikuwa bado amelala pale kwenye benchi, maana hakuna aliyemwambia ainuke.